Uchambuzi wa kisa: Sungura mweupe mwenye macho mekundu na mwanga wa banda lake mjini Moshi

Usuli

Kisa hiki kinahusu sungura jike wa kufugwa nyumbani, mwenye manyoya meupe kabisa na macho mekundu, aliyeishi na familia moja katika upande wa chini wa mji wa Moshi. Majina ya wahusika, jina la mtaa na maelezo mengine yanayoweza kumtambulisha mtu yameondolewa. Nilimhudumia sungura huyo nikiwa daktari wa mifugo, na ninaandika kwa sababu sungura wa aina hii wanafugwa sana Moshi na Arusha, ilhali wafugaji wengi huelezwa kuhusu chakula na minyoo tu, bila kuambiwa lolote kuhusu macho yao.

Alinunuliwa angali mdogo kutoka kwa mfugaji wa sungura wa nyama, pamoja na dume mmoja wa aina ya California, ambaye mwili wake ni mweupe lakini pua, masikio, miguu na mkia ni vyeusi. Nia ya awali ilikuwa kuwachinja. Mtoto wa nyumba hiyo, aliyekuwa darasa la nne, aliwaombea kwa baba yake, na tangu hapo wakawa wanyama wa nyumbani, wakilishwa majani, nyasi kavu na mabaki ya mboga.

Banda lilijengwa uani, likaegemezwa kwenye ukuta wa uzio uliopakwa chokaa. Paa lake lilikuwa bati tupu, pande tatu zilikuwa za mbao, na upande wa mbele ulikuwa wavu uliotazama magharibi moja kwa moja. Ua mzima ulisakafiwa kwa saruji. Kwenye kona ya nyumba, juu kidogo ya banda, palifungwa taa kubwa ya ulinzi baada ya kuku wa jirani kuibwa, na taa hiyo iliwaka kuanzia maghribi hadi alfajiri. Naomba msomaji aikumbuke taa hiyo, kwa kuwa hakuna mtu katika familia aliyeitaja tulipozungumza mara ya kwanza.

Jicho lisilo na rangi

Weupe wa jike huyu ulikuwa ualbino kamili. Mwili hutengeneza melanini, yaani rangi asilia ya mwili, kwa msaada wa kimeng'enya kiitwacho tairosinasi, na sungura aliyerithi jeni zenye hitilafu za kimeng'enya hicho kutoka kwa wazazi wote wawili hukosa rangi kwenye manyoya, kwenye ngozi na ndani ya macho. Wekundu unaoonekana ni damu inayopita katika mishipa midogo ya jicho, ambayo kwa sungura wengine hufunikwa na melanini. Si kila sungura mweupe ni albino, kwa kuwa wapo weupe wenye macho ya buluu, na jeni iliyowafanya weupe ni nyingine kabisa.

Dume wa California alionekana na familia kuwa sungura wa kawaida kwa sababu ya weusi wake, lakini macho yake yalikuwa mekundu vilevile. Kimeng'enya chake hufanya kazi pale tu mwili unapokuwa na ubaridi kiasi, na ndiyo maana ncha za mwili hupata weusi huku macho, yaliyo ndani ya joto la kichwa, yakibaki bila rangi. Kwa hiyo karibu yote nitakayoyaeleza kuhusu jike yalimhusu dume pia, ingawa yeye alilalamikiwa kidogo, kwa sababu alikuwa mpole zaidi na alipenda kulala nyuma ya mwenzake.

Kukosa melanini kunalibadilisha jicho kwa namna kadhaa. Airisi, lile duara linaloizunguka mboni, haliwezi tena kuzuia mwanga sawasawa, hivyo mwanga hupenya kupitia duara lenyewe hata mboni inapojifinya. Nyuma ya retina, yaani tabaka la ndani ya jicho linalopokea mwanga, hakuna rangi ya kufyonza mwanga uliozidi, nao hurudi na kutapakaa ndani ya jicho, na taswira inafifia hasa jua linapokuwa kali. Badiliko la tatu halionekani kwa nje: mnyama anapoumbwa tumboni, njia ya nyuzi za neva kutoka machoni kwenda kwenye ubongo hupangika tofauti, na nyuzi nyingi kuliko kawaida huvukia upande wa pili. Mwaka 1978 mtafiti Han Collewijn na wenzake walieleza kwamba sungura albino, anapoonyeshwa vitu vinavyopita sehemu ya mbele ya uwanja wake wa kuona, huweza kuyapeleka macho kinyume cha mwendo wa vitu hivyo, wakati sungura mwenye rangi huyafanya macho yake yavifuate.

Juu ya hayo, sungura yeyote, awe na rangi au asiwe nayo, ana macho yaliyokaa pembeni mwa kichwa. Huona karibu pande zote, pamoja na juu yake, kwa kuwa hatari ya mwewe hutoka huko, lakini eneo lililo mbele kabisa ya pua na chini ya kidevu halioni. Ni mnyama wa alfajiri na maghribi, na jicho lake limeumbwa kwa mwanga wa saa hizo.

Matukio kwa mfuatano

Familia iligundua mambo matatu ndani ya miezi ya joto, kati ya Januari na Machi. Jike alikuwa akikaa wima na kuyumbisha kichwa polepole kushoto na kulia, mithili ya mtu anayekataa jambo kwa heshima, hasa mtu aliposimama hatua chache kutoka kwenye banda. Mchana alijibana kwenye kona ya nyuma, macho yakiwa nusu yamefumbwa, na hakutoka hata kwa majani ya viazi vitamu aliyoyapenda. Jambo la tatu ndilo lililomtia mama wasiwasi: alimng'ata mtoto kidoleni zaidi ya mara moja, mtoto aliponyoosha mkono mbele ya pua yake ili amlishe.

Mama alipiga picha ya macho hayo kwa simu na kuipeleka kwenye duka la dawa. Mhudumu, akiona wekundu, alisema macho yamevimba na akampa matone yenye kiuavijasumu pamoja na steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe. Matone yalitumika kwa siku kadhaa. Wekundu haukupungua, na haungeweza kupungua, kwa sababu haukuwa uvimbe.

Baada ya hapo jirani aliyewahi kufuga sungura aliwaeleza, na alikuwa sahihi, kwamba sungura wa macho mekundu hawapendi jua. Akashauri banda lifunikwe. Baba alinunua turubai zito, akalifunika banda pande zote na juu, akiacha mwanya mdogo wa kupitishia maji na chakula. Kwa siku mbili tatu za kwanza familia iliona nafuu, kwa kuwa jike alitulia. Kisha jicho la kushoto likaanza kutoa machozi mazito, manyoya ya chini yake yakalowa na kushikana, na akapunguza kula. Siku aliyokataa chakula tangu asubuhi, nilipigiwa simu.

Nilipofika, bibi wa nyumba hiyo alinipokea na kuniambia, "Karibu daktari. Huyu haoni kabisa, tunamtesa bure." Kauli hiyo ilibeba uamuzi ambao familia ilikuwa karibu kuufikia, yaani kumchinja.

Uchunguzi wa kwanza

Sungura asiyekula kwa nusu siku ni mgonjwa wa dharura hata kama tatizo lake liko kwenye jicho, kwa sababu utumbo wake unaposimama anaweza kufa haraka. Kwa hiyo sikuanza na macho. Turubai liliondolewa, na harufu kali ya mkojo ikatoka banda lilipofunguliwa. Sungura wote wawili walihamishiwa kwenye ubaraza wenye kivuli na upepo. Jike alikuwa akihema kwa kasi na joto lake lilizidi kidogo nyuzi 40, wakati joto la kawaida la sungura ni kati ya 38.5 na 40. Masikio yake yalipanguswa kwa kitambaa chenye maji ya kawaida, si ya barafu, akapewa maji ya kunywa na majani mabichi yaliyolowa. Alianza kutafuna kabla sijaondoka, na hapo ndipo nilipopata utulivu wa kulitazama jicho.

Nilihitaji kutenganisha mambo mawili yaliyokuwa yamechanganywa, yaani wekundu alioumbwa nao na ugonjwa uliokuja baadaye. Njia rahisi ambayo mfugaji yeyote anaweza kuitumia ni kutazama sehemu ambazo hata kwa albino hazipaswi kuwa nyekundu sana: sehemu nyeupe ya jicho na upande wa ndani wa kope. Kwa albino mwenye afya sehemu hizo ni nyeupe na waridi hafifu, manyoya chini ya jicho ni makavu, na macho yote mawili yanafanana. Kwa jike huyu kope zilikuwa nyekundu iliyoiva pande zote mbili, na jicho la kushoto lilikuwa na usaha mwepesi.

Konea, ngozi angavu ya mbele ya jicho, ilipimwa kwa rangi ya fluoresini na haikuonyesha kidonda. Hilo lilikuwa jambo la kushukuru, kwa kuwa matone yenye steroidi yakiwekwa kwenye jicho lenye kidonda huzuia kupona na kidonda kinaweza kutoboa konea. Sungura ana tundu moja tu la kupitisha machozi katika kila jicho, kwenye kope ya chini, na mfereji wake hupita karibu na mizizi ya meno. Kwa hiyo niliyakagua meno ya mbele na ya nyuma, nikapapasa taya, kisha nikausafisha mfereji wa kushoto kwa maji ya chumvi, na maji yakatokea puani bila shida. Mboni hazikuwa na mtoto wa jicho, wala airisi haikuwa na uvimbe mweupe ambao ungenifanya nifikirie vimelea wa Encephalitozoon cuniculi. Macho hayakuwa makubwa kupita kiasi, jambo ambalo hukaguliwa kwa sungura weupe wa aina ya New Zealand White kwa sababu ndani ya aina hiyo upo ugonjwa wa kurithi wa presha ya macho. Kichwa hakikulala upande mmoja, na masikio hayakuwa na magamba ya utitiri, ambao pia humfanya sungura atikise kichwa.

Kutokana na haya niliona kwamba uvimbe wa kope ulisababishwa na hewa ya amonia iliyotokana na mkojo ndani ya banda lililozibwa, na vumbi la nyasi kavu likaongeza mwasho. Kuyumba kwa kichwa kulikuwa jambo jingine, lenye chanzo chake.

Kupima uwezo wa kuona

Kipimo cha kuona kiliahirishwa hadi kope zipone, kwa maana sungura anayeumwa macho hawezi kutoa jibu la kuaminika. Ilipofika siku yake, niliiomba familia tufanye zoezi lilelile mara mbili: saa saba mchana uani, na jioni jua likiwa limezama lakini bado paonekane. Tulipanga ndoo, matofali na boksi la karatasi katika nafasi ambayo jike hakuizoea, tukamwachia atembee bila kuitwa wala kusukumwa.

Mchana alisimama pale alipowekwa. Aliyumbisha kichwa, akaenda mbele kidogo, akagusa tofali kwa pua, kisha akakimbilia kivuli cha ukuta na kubaki hapo. Jioni alizunguka vitu vyote bila kugonga hata kimoja, na pamba iliyoangushwa kimya kimya pembeni mwake aliifuata kwa kugeuza kichwa. Sikutumia kile kipimo cha kumtishia mnyama kwa kiganja ili apepese, kwa sababu sungura wengi wanaoona vizuri hawakijibu.

Bibi alikuwa ameketi kwenye kiti chake akitazama, na jioni ile aliona mwenyewe kwamba mnyama aliyedhaniwa kipofu alikuwa akiona. Kwangu hili ndilo lilikuwa jambo kubwa zaidi katika kisa kizima, kwa kuwa maelezo yangu ya awali hayakuwa yameibadilisha nia ya kumchinja, na zoezi la matofali liliibadilisha.

Kuhusu kuyumba, nilieleza hivi. Mnyama anaposogeza kichwa, kitu kilicho karibu huonekana kusogea zaidi kuliko kilicho mbali, na kwa tofauti hiyo anapata umbali. Albino, ambaye taswira yake ni hafifu, anahitaji msaada huo zaidi, ndiyo maana huyumba anapokitazama kitu asichokitambua, na huacha anapokwisha kukitambua. Kwa jike huyu mtoto aliposema neno, kuyumba kulikoma.

Taa ya usiku

Nilirudi tena jioni moja kwa sababu ya swali dogo: mnyama huyu hupata giza lini? Hapo ndipo taa ya ulinzi ilipojionyesha. Mchana alipigwa na mwanga wa jua na ule uliorudishwa na saruji na ukuta wa chokaa, na usiku kucha alimulikwa na taa kutoka umbali mfupi.

Jambo hili si dogo. Mwaka 1966 Werner Noell na wenzake walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba panya wanaowekwa kwenye mwanga kwa muda mrefu hupoteza seli za retina zinazopokea mwanga, na kwamba mwili unapokuwa na joto la juu madhara huongezeka. Panya wenye rangi hukingwa kwa kiasi na airisi zao, tofauti na weupe. Seli hizo zikifa kwa mamalia hazioti tena. Mwongozo unaotumika Marekani kwa wanyama wa maabara hutaja mwanga wa laksi 325 (laksi ni kipimo cha mwanga), unapopimwa mita moja kutoka sakafuni, kuwa unatosha kwa kazi bila kuleta dalili za madhara kwa macho ya panya weupe, ilhali jua la mchana lisilo na wingu hufika laksi 100,000 hivi. Sungura si panya, na sikuihamisha namba hiyo kwenye banda la uani. Nilichochukua ni kanuni yake: jicho lisilo na melanini linahitaji kivuli mchana na giza halisi usiku, na joto linaongeza hatari.

Baba alikuwa na hoja yake, na ilikuwa hoja ya haki. Taa ilikuwepo kwa sababu ya wezi, na hakuwa tayari kuizima kwa ajili ya sungura. Hatukubishana. Fundi umeme aliigeuza imulike lango na njia ya kuingilia, ambako ndiko mwizi angepita, na kibati kidogo kikafungwa ubavuni mwake ili mwanga usiangukie banda. Gharama yake ilikuwa ndogo kuliko ya turubai lililokwisha nunuliwa.

Maamuzi mengine na sababu zake

Matone ya duka la dawa yalisimamishwa siku ya uchunguzi wa kwanza. Macho yalisafishwa kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupozwa, kisha yakapakwa mafuta ya macho yenye kiuavijasumu bila steroidi. Mama alikuwa na dawa ya maji ya amoksilini iliyobaki kutoka kwa mtoto aliyekuwa na kikohozi, akauliza kama angeweza kumpa kidogo. Nilikataa kwa uzito wote. Amoksilini ikipitia mdomoni huua bakteria wazuri wa utumbo wa sungura, na wale wabaya wakichukua nafasi mnyama hufa kwa sumu yao. Hili linawapata wafugaji wenye nia njema kabisa.

Swali la bibi lilikuwa la upole na lilistahili jibu kamili. Alijua kwamba hapa Moshi, kwenye kituo cha magonjwa ya ngozi kilichoko hospitali ya KCMC, hutengenezwa mafuta ya Kilisun ya kuwakinga watu wenye ualbino dhidi ya jua, na akauliza kama sungura angepakwa masikioni. Nilimjibu kwamba wazo lake la kukinga masikio lilikuwa sahihi, kwa sababu ngozi hiyo ni nyembamba na haina kinga, lakini sungura hujilamba mwili mzima kila siku na angeyala mafuta hayo, ambayo yalitengenezwa kwa ajili ya binadamu. Kinga ya sungura ni paa.

Banda lilihamishwa kutoka ukutani hadi chini ya mparachichi. Moshi iko nyuzi 3 na kidogo kusini mwa ikweta, hivyo jua hupita karibu na utosi mwaka mzima, na katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba hupita utosini kabisa. Maana yake kwa fundi ni mbili: paa ndilo kinga kuu, na jua linaloingia kwa ubavu, lile linalochoma macho, hutoka mashariki asubuhi na magharibi jioni. Kwa hiyo pande za mashariki na magharibi zilizibwa kwa mbao hadi juu, na pande za kaskazini na kusini zikaachwa na wavu ili upepo upite, chini ya kingo za paa zilizorefushwa. Juu ya bati yalitandazwa majani makavu ya mgomba, ambayo Kilimanjaro hayakosekani, kupunguza joto la bati. Ndani liliwekwa sanduku la mbao lenye milango miwili, ili jike achague mwenyewe kiasi cha mwanga, na ili mmoja akiingia mwingine asimzibie njia. Sakafu ilitandazwa maranda, na kona ya mkojo ikawa inasafishwa kila siku. Ukuta wa chokaa uliokuwa ukirudisha mwanga uliachiwa mmea wa pesheni utambae.

Mtoto alifundishwa kuita kwanza, kukaa chini, kisha kuleta mkono kwa ubavu na kugusa paji la uso, bila kuupitisha mbele ya pua. Majani yalianza kutolewa asubuhi na mapema na jioni.

Matokeo

Kope zilipona na jicho la kushoto likakauka. Kung'ata kulikoma mara tu namna ya kumkaribia ilipobadilika, hata kabla ya banda kuhamishwa, na hilo linaonyesha kwamba halikuwa suala la ukali wala la maumivu. Jike alianza kutoka kwenye sanduku jioni, na mtoto aliweza kumwachia atembee uani jua likiwa limezama. Mchana bado hukaa ndani. Bado huyumbisha kichwa mgeni anapofika, na ataendelea hivyo maisha yake yote.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi kuliko dawa yoyote ni kulitazama banda kama sehemu ya ugonjwa. Dawa ya kope iliponya kope, lakini kope zingeugua tena ndani ya banda lilelile. Ninaamini pia kwamba kupima mchana na jioni kwa vitu vilevile kunafaa kufanywa na kila anayemshuku sungura wake wa macho mekundu kuwa kipofu, kwa kuwa hakuhitaji kifaa na humpa mwenye mnyama ushahidi wake mwenyewe.

Turubai linastahili kuzungumzwa kwa uangalifu, kwa sababu aliyelishauri alikuwa na ufahamu sahihi kuhusu mwanga. Kosa lilikuwa kuuondoa mwanga pamoja na hewa. Katika miezi ya joto ya Moshi, sungura aliyezibwa huumia haraka zaidi kuliko aliye juani kwenye upepo, kwa sababu hatoi jasho na hutegemea sana masikio yake kupunguza joto. Mfugaji anayelazimika kuchagua leo, kabla fundi hajafika, afunike paa na ubavu wa magharibi tu.

Matone yalitolewa kwa kuangalia picha ya simu, na picha ya jicho la albino itaonyesha wekundu siku zote. Ajabu ni kwamba wekundu huohuo ndio uliowafanya sungura hawa wajulikane sana katika maabara: kipimo cha John Draize cha mwaka 1944, cha kuweka kemikali kwenye jicho la mnyama, kilitegemea sana sungura albino, na ukosefu wa rangi uliyarahisishia macho ya watafiti kuona madhara. Macho yaliyochunguzwa kwa gharama hiyo yanastahili, angalau, kutotibiwa kwa kubahatisha.

Upo upande wa pili ambao unanisumbua zaidi. Familia ikishaambiwa kwamba kuyumba ni maumbile, inaweza kuyapuuza yasiyo maumbile. Kichwa kinacholala upande mmoja na kubaki hivyo, macho yanayochezacheza hata mnyama akiwa ametulia, kuanguka au kujiviringisha, jicho moja kuwa tofauti na jingine, weupe ndani ya mboni, machozi yanayolowesha manyoya, na kuyumba kulikoanza ghafla kwa sungura mzima ambaye hakuwa nako: hayo hayatokani na ualbino, na yanahitaji daktari siku hiyohiyo. Niliyaandika kwenye karatasi, mama akaibandika jikoni.

Suala la mwisho liliibuliwa na mtoto, aliyetaka vitoto. Jike na dume hao wakipandana, vitoto vyote vingekuwa na macho mekundu, kwa sababu wazazi wote wawili hawana jeni ya kulipa jicho rangi. Banda lililojengwa lilitosha wawili. Baba alichagua dume ahasiwe, ili waendelee kuishi pamoja, na kazi hiyo ilifanyika mwanzoni mwa msimu wa baridi, joto lilipopungua.